Kompyuta isiyoamka mpaka inywe chai: kisa cha steshenari moja ya Uyole

Mwezi wa sita, saa moja na robo asubuhi, simu inaita nikiwa bado nimejifunika blanketi mbili. Anayepiga ni mama mwenye duka la steshenari pale Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile mashine imekataa tena."

Kilichonishtua ni hilo neno "tena". Jana yake jioni nilikuwa nimemrudishia mashine hiyohiyo kwa mkono wangu, nikamwambia haina tatizo, nikapokea hela yangu nikaondoka.

Nakiandika kisa hiki chote, pamoja na pale nilipokosea mimi, kwa sababu kila kipupwe kikiingia huku kwetu nakutana na mashine za namna hii. Nyingi zinaletwa zikiwa zimeshapigwa Windows mara mbili tatu bila sababu.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani ya kuunganishwa, kasha la mnara, na pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme) ya kawaida ya ATX, iliyoandikwa wati 450. Mama aliinunua Dar es Salaam ikiwa mtumba, mwezi wa kumi na mbili, ikapanda basi mpaka Mbeya. Tangu hapo imekuwa ikichapa barua za maombi ya kazi, ripoti za wanachuo wanaotoka mafunzo kwa vitendo, kuskani vyeti na kutoa picha za pasipoti. Miezi mitano hivi haikuwahi kusumbua hata siku moja.

Duka lenyewe ni fremu ya tofali yenye mlango wa chuma, bati juu bila dari, sakafu ya sementi. Kompyuta inakaa sakafuni chini ya meza, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta. Mbele ya duka magari ya mizigo yanayokwenda Tunduma na Kasumulu yanapita mchana na usiku, na kiangazi vumbi lake linaingia ndani kama mteja. Sakafu na bati mviweke akilini, nitavirudia.

Tatizo lilianza katikati ya mwezi wa tano. Ukibonyeza swichi asubuhi, taa ya mbele inamulika mara moja, feni inajivuta robo mzunguko, kisha kimya. Ukibonyeza tena, hakuna kitu kabisa, mpaka uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo, uchomeke upya. Halafu yaleyale: kumulika, robo mzunguko, kimya. Ukiing'ang'ania mara nane au kumi, siku nyingine inakubali. Na ikishakubali, inafanya kazi mpaka jioni bila kuganda wala kujizima. Ukiizima saa nane mchana ukaiwasha palepale, inawaka kwa bonyezo moja.

Waliotangulia

Fundi wa kwanza alifika saa saba mchana. Akabonyeza, ikawaka. Akasema ni Windows imechoka, akapiga Windows mpya, shilingi 15,000. Kesho yake asubuhi ikagoma.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hili ndilo linalokula hela za watu kuliko yote. Mteja akisema "kompyuta haiwaki" anaweza kuwa na maana ya mambo manne yasiyofanana. La kwanza, imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Hapo unaanzia ukutani, kwenye soketi, fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu, waya, na ile swichi ndogo nyuma ya pawa saplai ambayo mtu wa usafi huigusa na ufagio bila kujua. La pili, inaanza halafu inakata, kama hii ya mama. Hapo wanashukiwa pawa saplai, shoti mahali fulani, ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), au prosesa, yaani ubongo wake, isiyopozwa. La tatu, feni zinazunguka vizuri lakini kioo cheusi: angalia ramu, kadi ya picha, waya wa monita, na sikiliza kama inatoa milio. La nne, picha inakuja, nembo inaonekana, halafu inakwama. Ni hili la nne peke yake ndilo linaweza kuhusu Windows.

Windows iko kwenye hadidiski, imelala. Kabla haijasomwa, umeme lazima utulie, mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, ijikague, prosesa iamke, ramu ihesabiwe. Mashine ambayo feni yake imezunguka robo tu haijafika hata mlangoni kwa Windows. Kuipiga Windows mashine hiyo ni sawa na kubadilisha pazia kwa sababu kitasa cha mlango kimegoma.

Fundi wa pili alikuja saa sita. Naye alikuta inawaka, lakini alikuwa na akili zaidi: alitoa ramu, akaisugua miguu kwa ufutio wa penseli, akairudisha, akamshauri mama aongeze nyingine mtumba, shilingi 25,000. Huyu simlaumu sana. Ramu chafu kweli inaweza kuifanya mashine iwake na kukata, iwake na kukata, na ufutio ni dawa ambayo hata mimi naitumia kila wiki. Ila siku iliyofuata asubuhi, mambo yaleyale.

Wa tatu nikawa mimi

Nilifika dukani saa tisa alasiri. Mashine ilikuwa inawaka na binti anayemsaidia mama alikuwa katikati ya kazi ya mteja. Nikasubiri amalize, nikaizima, nikaiwasha. Sawa. Nikarudia mara kumi. Mara kumi sawa. Nikaibeba kwenye bajaji mpaka kibandani kwangu Mwanjelwa.

Pale nilifanya yale ambayo kila fundi huyafanya. Nikaitoa pawa saplai, nikachukua klipu ya karatasi, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi mmoja kwenye kichwa cha pini 24. Kwa wasiojua: waya wa kijani ndio kamba ya kuamshia. Mazabodi ikiuvuta chini, yaani ikiugusanisha na mweusi, pawa saplai inaanza kazi. Klipu inafanya hivyo kwa niaba ya mazabodi. Feni ikazunguka. Nikaweka multimita, kifaa cha kupimia umeme: waya wa njano volti 12.08, mwekundu 5.04, wa chungwa 3.31. Zote ndani ya mpaka unaoruhusiwa, yaani asilimia 5 juu au chini. Betri ya CMOS, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa na mipangilio ya mazabodi, ilikuwa na volti 2.9, na mpya huwa 3. Hakuna cha kulalamikia.

Nikairudisha kila kitu mahali pake, nikapuliza vumbi. Halafu, kwa kujiona mjanja, nikaiacha inawaka usiku kucha huku inacheza video, eti nipime uvumilivu wake. Asubuhi niliikuta bado inacheza. Nikajiambia, hii ni nzima, tatizo ni umeme wa pale dukani au ekstensheni mbovu. Jioni nikairudisha pamoja na ekstensheni mpya.

Makosa yangu yalikuwa mawili, na yote yalifanana na kazi nzuri. Klipu ya karatasi inathibitisha kwamba pawa saplai inaweza kuamka ikiwa haijabeba mzigo wowote. Hata punda mgonjwa husimama wima mpaka umpakie gunia. Na kuiacha inawaka usiku kucha ndiyo njia ya uhakika ya kutouona ugonjwa wake, kwa sababu nilizokuja kuzijua siku mbili baadaye.

Chai

Basi asubuhi ile ya simu nikavaa koti nikapanda daladala. Saa mbili kasorobo nilikuwa Uyole. Ukungu ulikuwa bado umekaa barabarani, magari yamewasha taa, watu wanatoa mvuke mdomoni. Anayekujua Uyole mwezi wa sita hahitaji kuambiwa. Usiku wa kipupwe joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na fremu ya bati isiyo na dari haina tofauti kubwa na nje. Mkono wangu ulipogusa kasha la kompyuta ulirudi wenyewe.

Nikabonyeza. Kumulika, robo mzunguko, kimya. Kwa mara ya kwanza katika kisa hiki, fundi akauona ugonjwa kwa macho yake.

Nikapima soketi: volti 228. Hapa nchini tunatarajia 230, kwa hiyo umeme ulikuwa safi. Nikabadilisha waya, nikachomeka ukutani moja kwa moja bila ekstensheni, nikatoa printa na kila kinachochomekwa nyuma. Hakuna. Nipo nimepiga magoti sakafuni, binti anawasha jiko la mkaa pale nje kibarazani, akacheka.

"Fundi, utajisumbua bure. Huyo bwana mkubwa haamki mpaka anywe chai."

Nikacheka na mimi, halafu nikaacha kucheka. "Una maana gani?"

Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Kila siku wanafungua saa moja. Mashine inagoma. Anawasha jiko, moshi ukiisha analiingiza ndani, pembeni ya meza, anabandika chai. Wakishakunywa, saa tatu hivi, anabonyeza tena na mashine inawaka. Jumapili wanatoka kanisani saa sita na nusu, wanafungua saa saba, na Jumapili haijawahi kugoma hata mara moja. Na siku moja ya mwezi wa tano kulipokucha na jua kali, iliwaka saa moja asubuhi bila chai.

"Uliwaambia hayo mafundi wengine?"

"Hawakuniuliza. Walikuwa wanaongea na mama."

Sisi watatu tulimwuliza mama mashine inafanya nini. Hakuna aliyemwuliza anayeifungua inafanya hivyo saa ngapi. Na wote tulifika mchana, kwa sababu fundi wa Mbeya mwezi wa sita hatoki nyumbani mapema. Mimi ndiye niliyevuka mpaka: niliifanya mashine isilale kabisa, nikashangaa haikuamka vibaya.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenye maduka. Jiko la mkaa ndani ya fremu iliyofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi linaua watu wamelala. Pale dukani mlango ulikuwa wazi, ndiyo salama yao. Nilimwambia mama siku hiyohiyo, kabla ya habari za kompyuta, jiko libaki nje.

Kumbana mshukiwa mmoja mmoja

Baridi ni neno pana. Inaweza kuwa umande kwenye miguu ya ramu. Inaweza kuwa lehemu iliyopasuka kwenye mazabodi, ufa mwembamba unaofunguka chuma kikisinyaa na kufunga kikipata joto. Inaweza kuwa pawa saplai. Au inaweza kuwa si baridi kabisa, ni saa tu: labda saa moja asubuhi kuna mtu jirani anawasha mashine ya kukoboa na umeme unatetereka. Jiko la binti lilikuwa linapasha kila kitu kwa pamoja, hivyo lisingeweza kunijibu.

Nikaazima drayi ya saluni ya jirani. Nikamwomba mama tusiiwashe mashine siku hiyo, iwe imezimwa mpaka kesho, akakubali kwa shingo upande kwa sababu kulikuwa na wanachuo wanasubiri ripoti. Nilimpa kompyuta yangu ya mkononi afanyie kazi.

Kesho yake saa moja kamili nilikuwa pale. Nikafungua ubavu wa kasha. Kwanza nikabonyeza ili kuhakikisha bado mgonjwa: robo mzunguko, kimya. Nikachomoa waya. Nikaikata kadibodi ya rimu ya karatasi, nikaisimamisha kati ya pawa saplai na mazabodi, nikaipasha mazabodi na ramu kwa hewa ya vuguvugu dakika nne. Nikachomeka, nikabonyeza. Kimya. Nikasubiri ipoe. Nikageuza kadibodi, safari hii nikapuliza pawa saplai peke yake kupitia matundu ya nyuma, dakika nne zilezile, waya ukiwa umechomolewa. Nikachomeka. Nikabonyeza.

Ikawaka, ikapiga mlio mmoja mfupi, nembo ikaja.

Binti alipiga makofi. Mimi nikaizima, nikaiacha ipoe nusu saa mlango ukiwa wazi, nikarudia. Mazabodi ya moto, pawa saplai ya baridi: hakuna. Pawa saplai ya moto, mazabodi ya baridi: inawaka. Hapo umande kwenye ramu na lehemu ya mazabodi vikatoka kwenye orodha. Na habari ya umeme wa saa moja ikafa pia, maana saa ilikuwa ileile na soketi ileile.

Mzigo wa taa za breki

Kujua ni pawa saplai kunatosha kwa mteja. Mimi nilitaka kujua kwa nini multimita yangu ilinidanganya, hivyo nikaibeba peke yake, nikaiweka usiku kucha nje kwenye sementi nyuma ya kibanda changu, juu yake nikafunika beseni. Pembeni yake nikaweka pawa saplai nyingine ninayoiamini, ilale baridi ileile, iwe ya kulinganishia.

Mzigo wa kupimia niliupata kwenye duka la vipuri vya pikipiki: taa mbili za breki za volti 12, wati 21 kila moja. Taa moja inavuta karibu ampea 1.75, mbili zinafika 3.5. Nimeziunga kati ya waya wa njano na mweusi, na hadidiski moja ya zamani nikaichomeka ili waya mwekundu nao ubebe kitu. Msitumie taa kubwa ya mbele ya gari. Waya wake ukiwa wa baridi huvuta mkondo mkubwa mno kwa sekunde ya kwanza, hata pawa saplai nzima inaweza kujizima mkaihukumu bure.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ile nzima: taa zikawaka nyeupe, njano volti 12.02, imetulia. Ya mama bila mzigo: 12.1, kama vile haina dhambi. Ya mama na taa mbili: zikamulika rangi ya kutu, sindano ya multimita yangu ya zamani ikaanguka mpaka 10.7 hivi, na pawa saplai ikajizima yenyewe. Mpaka wa chini kwa waya wa njano ni 11.4. Nikaipasha kwa drayi, nikarudia: taa zikawaka, sindano ikakaa kwenye 11.8.

Sasa ile robo ya mzunguko inaeleweka. Ukibonyeza swichi, pawa saplai inapewa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, ipandishe volti zake zote hadi mahali pake. Zikitulia, inatuma ujumbe kupitia waya wa kijivu kwamba umeme uko tayari, na kabla ya ujumbe huo mazabodi inaizuia prosesa isianze. Ya mama ilikuwa inajaribu kupanda, feni ikijivuta, volti hazifiki, ulinzi wa ndani unaona hali si salama, unakata. Na ukishakata kwa ulinzi unajifunga, ndiyo maana ilibidi uchomoe waya kabla ya kujaribu tena. Kuing'ang'ania mara nane au kumi kulisaidia kwa sababu kila jaribio liliipasha kidogo. Mama alikuwa akifanya kazi ya drayi kwa kidole.

Nikaifungua. Hapa tahadhari, na si ya kupamba: kapasita kubwa (kidude cha kuhifadhi chaji ya umeme) iliyo upande wa umeme wa ukutani inabeba hadi volti 325 hivi, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa waya. Kama hujui kuitoa chaji kwa usalama na kuipima kabla ya kugusa, usifungue. Nina kovu dogo kwenye kidole cha shahada linalonikumbusha.

Ndani, chini ya kifuniko cha vumbi jekundu lililoshikamana kama ugoro, upande wa kutolea umeme, kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa, kina mkato wa msalaba. Hizi zilikuwa zimetuna kama mandazi, na moja ilikuwa imetoa ute wa kahawia uliokauka pembeni mwa mkato. Zilikaa zimebanana na bamba la alumini la kupozea, mahali penye joto kuliko pote.

Kapasita hizi ndani zina karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Kazi yake hapo ni kusawazisha, kuupokea umeme unaokuja kwa mawimbi na kuutoa ukiwa umetulia. Joto hukikausha kile kimiminika taratibu. Mafundi wa elektroniki wana hesabu yao ya kukadiria: punguza joto nyuzi 10, umri wa kapasita unakuwa mara mbili, ongeza nyuzi 10, unakuwa nusu. Kikipungua, upinzani wa ndani unapanda. Na baridi nayo inakifanya kizito kilichobaki, upinzani unapanda zaidi. Kapasita mpya ina akiba ya kutosha, haioni baridi ya Uyole. Hii ilikuwa imebaki na akiba kidogo sana. Mchana, na ikishawaka ikajipasha yenyewe, inatosha. Alfajiri haitoshi.

Hivyo nilipomweleza mama, nilimwambia si kwamba aliuziwa mashine mbovu kwa makusudi. Aliyemuuzia pengine hakuwahi kuiona ikigoma. Kule pwani hata usiku wa mwezi wa saba hakuna baridi ya huku. Joto na vumbi la miaka ndiyo yaliyoiua. Huku kwetu ndiko msiba ulikotangazwa.

Uamuzi na hesabu

Kubadilisha kapasita tatu inawezekana, nimeshafanya mara nyingi. Lakini zinatakiwa za aina yenye upinzani mdogo wa ndani, za nyuzi 105, na nilizozipata mjini siku hiyo zilikuwa za redio. Za redio zingewaka leo na kuvimba Krismasi. Kuagiza Kariakoo ni siku tatu nne, na hata hivyo nisingeweza kumuapia kuhusu zile ndogo ambazo hazijavimba: kapasita inaweza kufa kichwa kikiwa bapa kabisa. Nikamwambia mama hivyo bila kupaka rangi, akachagua pawa saplai nyingine. Niliipata mtumba kwa shilingi 38,000. Kabla ya kuifunga niliilaza nje usiku mmoja na kuipima kwa taa za breki alfajiri. Sasa hivi kila pawa saplai inayopita mikononi mwangu kati ya mwezi wa tano na wa nane inalala nje kwanza.

Ile hela ya safari yangu ya kwanza, shilingi 10,000, nilimrudishia. Alikataa, nikaikata kwenye bei. Ramu aliyouziwa haikuwa hasara yote, mashine ina nafasi zaidi sasa. Ya Windows ndiyo imeenda.

Tulifanya jambo lingine dogo: kreti la soda limegeuzwa chini juu, kompyuta imepanda juu yake, imesogea kiganja kimoja kutoka ukutani. Sementi haiigusi tena, na vumbi la kufagia halinyonywi moja kwa moja na feni. Nilimwomba binti kwa siku saba awe ananibipu mara moja kila asubuhi mashine ikiwaka kwa bonyezo la kwanza. Siku saba, bipu saba, zote kabla ya saa moja na dakika tano. Siku ya nane akaniandikia ujumbe: ndaga fijo (asante sana) fundi, bwana mkubwa kaacha chai.

Mwezi wa nane, saa moja asubuhi, simu ya mama ikaingia tena.

"Mwanangu, imekataa. Haimuliki hata taa."

Moyo ukanipasuka. Nikakaa kitandani, nikaanza kuhesabu kichwani: haimuliki kabisa, hiyo ni aina ya kwanza, anzia ukutani. "Mama, hebu niangalizie. Balbu ya dukani inawaka?"

Kimya. Nikasikia anamwita binti, binti anajibu kwa mbali, kiti kinaburutwa.

"Umeme wa Luku umeisha," akasema, akakata simu.